Bawabu, Bibi Harusi na Mchuuzi

Mama Nukta hakuwa mtu wa kuambiwa apumzike. Ukimwambia amechoka, atakuuliza wewe umelala saa ngapi. Ukimwambia aketi, atasimama, tena atasimama karibu yako ili umwone vizuri. Kwa hiyo Meneja wa kiwanda cha uchapaji alipomwita ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaanza na yale maneno ya "mama yetu, umetulea, umetutoa mbali," yeye alijua papo hapo kwamba pana jambo, na jambo lenyewe si zuri. Meneja yule hakuwa na kawaida ya kumvutia mtu kiti.

"Sema, mwanangu," alimwambia. "Unazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Meneja akasema. Prufu za mitihani, yaani zile kurasa za majaribio zinazosomwa na kusahihishwa kabla kazi yenyewe haijachapwa, hazitatolewa tena kwenye karatasi. Baraza la mitihani limechoshwa na karatasi zinazopotea njiani. Kuanzia sasa kila msomaji atazisoma kwenye tovuti ya baraza, kwa kompyuta yake, na Ijumaa ya wiki ijayo atakuja Mkaguzi kuzikagua kompyuta hizo na kuwapima wasomaji wenyewe. Atakayefaulu ataendelea na kazi. Asiyefaulu...

"Asiyefaulu?"

"Mama, hayo macho yako..." Meneja alisema, kisha akageuka kutazama dirisha.

Hapo lazima usimame kidogo uelewe kazi yenyewe. Pale kiwandani prufu ilisomwa na watu wawili. Mmoja anashika nakala ya mwandishi na kuisoma kwa sauti, na haruki kitu: "Herufi kubwa, Taja sehemu tatu za ua, koma, kisha ueleze kazi ya kila moja, nukta." Mwenzake anafuata kwenye prufu, kalamu nyekundu mkononi. Sikio lisipokubaliana na jicho, kalamu inashuka. Miaka yote hiyo anayesoma alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na mwenye kalamu alikuwa mama huyu. Mafundi wa mitambo wakawabatiza Koma na Nukta, na majina hayo yakawaganda kuliko yale waliyopewa na wazazi wao. Halafu Bwana Koma akastaafu, akahamia kwa bintiye, mbali. Mama Nukta akabaki anasoma peke yake kwa lenzi, na ukungu machoni ukawa unazidi. Daktari alishamwambia kwamba miwani imefika mwisho wake. Herufi isiyofikia ukubwa wa ukucha ilikuwa imeanza kutembea kwenye karatasi kama sisimizi.

Lakini usidhani alikuwa mnyonge. Akipita, watu walizima redio. Waandishi wa vitabu walimwogopa kuliko wakwe zao. Hakuna mtihani wenye kosa uliowahi kutoka chini ya kalamu yake, na hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, bila kuulizwa.

"Ijumaa tutaonana," alimwambia Meneja, akanyanyuka.

Nyuma ya mlango aliliona bango limekunjwa na kufungwa uzi, wino wake ungali unanukia. Nje, kwenye korido, fundi mitambo alipomwona alijifanya anatafuta spana mfukoni.

"Lile bango ni la nani?"

"Mama, usinitie matatani."

"La nani?"

"La kukuaga," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Limeagizwa juzi. Sikulisoma, haki ya Mungu. Mimi nilizungusha mtambo tu."

Kumbe! Yaani watu wameshashona sanda, na yeye bado anapumua. Mama Nukta alikwenda chooni, akafunga komeo, akalia. Alilia kwa hasira, na kwa woga pia, tuseme ukweli. Aliogopa kukaa nyumbani asubuhi nzima akisikiliza redio ya jirani, akiwasahihisha watangazaji ambao hawamsikii. Kisha akanawa uso, akajitazama kwenye kioo, sura ikamjia nusu ukungu nusu mtu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akaiambia ile nusu mtu, akarudi kwenye meza yake.

Jumamosi akawaita watoto wa marehemu kaka yake. Walikuwa watatu, aliwalea yeye tangu wakiwa wadogo mpaka wa kiume wakaota ndevu na wa kike akaota ulimi. Katika nyumba ile watu walikua wakizungumza na alama zake. Mtoto alijifunza kusema "nina njaa, alama ya mshangao" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na Shangazi akisema "nukta", mjadala umefungwa, hata vijiko vinanyamaza.

"Wanangu," aliwaambia wakiwa sebuleni, "nataka kompyuta inisomee. Nimesikia zinaweza. Iwe salama, maana ni mitihani. Niione, maana macho yangu mnayajua. Na iwe na sauti, maana Bwana Koma hayupo. Nikishindwa Ijumaa, bango langu liko tayari nyuma ya mlango. Haya, nani ananisaidia?"

Loo! Angejua, asingeuliza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapo ngoma zilikuwa tatu.

Wa kwanza alikuwa mkubwa wao, aliyeitwa Kufuli. Kazi yake ilikuwa kulinda kompyuta za benki, na kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume huyu hata akiota ndoto anaiwekea neno la siri.

"Shangazi," Kufuli alisema, "kompyuta ni nyumba tu. Kivinjari, ile programu unayofungulia mtandao, ndiyo mlango. Wewe unataka mlango wenye bawabu." Akafungua kivinjari chake kwenye kompyuta ya Shangazi. Kilikuwa cha kijivu, kimenuna, hakina hata picha ya ua. Lakini kilifukuza matangazo yote, kikawazuia wale wanaokufuata kutoka tovuti hadi tovuti kama wadai, na kila kitu kilichotaka kuingia kilisimamishwa kikaulizwa kinatoka wapi.

"Bawabu kweli," Shangazi alisema. "Ila ananuna."

"Bawabu hacheki na watu, Shangazi."

Wa pili alikuwa binti, Nakshi, mpambaji wa kumbi za harusi. Yeye alimsukuma kaka yake kwa nyonga, akafungua chake. Mtume! Waridi zilijaa skrini nzima, vitufe vimeviringwa kama shanga, rangi zinabadilika taratibu asubuhi na jioni. Nakshi aliona aibu mtu mzima kufanya kazi kwenye kitu cha kijivu kama zege.

"Hiki ni bibi harusi," Shangazi alikubali, akisogeza pua karibu na skrini. "Sasa pa kuandika anwani ni wapi?"

"Peleka mshale juu, patatokea."

"Nikiondoa mshale?"

"Panajificha. Ndiyo urembo wenyewe, ukurasa unabaki safi."

"Yaani mimi, na macho haya, nicheze kujificha na kivinjari?" Shangazi alirudi nyuma kwenye kiti. "Uzuri wa mkakasi huo, mwanangu, ndani kipande cha mti."

Nakshi alinuna akafanana na Bawabu.

Wa tatu, kitinda mimba, alikuwa fundi simu. Jina lake la nyumbani ni Nyongeza, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuondoka jikoni bila kuomba kuongezwa. Sasa ameshakuwa mtu mzima na tumbo lake, na ukimwonyesha kivinjari anakijaza kama alivyokuwa akijaza sahani. Alikuja na kompyuta yake mwenyewe. Juu ya kivinjari chake kulikuwa na msururu wa vialama, kila kimoja ni programu ndogo aliyoipachika: moja inatafsiri, nyingine inanakili picha, nyingine inakukumbusha kunywa maji, na moja kazi yake ilikuwa kumtembeza paka chini ya skrini.

"Paka wa nini?" Kufuli aliuliza.

"Ananifariji."

"Huyu sasa ni mchuuzi," Shangazi alisema. "Kabeba duka zima kichwani."

"Ngoja umsikie, Shangazi." Nyongeza akafungua ukurasa wa habari za hali ya hewa, akabonyeza kialama cha manjano. Programu hiyo iliitwa Sauti ya Asali. Mwanamke akaanza kusoma, sauti laini, nzito kidogo, ya mtu aliyekula akashiba na hana deni na yeyote. Penye koma alivuta pumzi. Penye nukta alitua.

Mama Nukta aliweka mkono kifuani. "Anapumua!" alisema. "Jamani, anapumua penye koma! Nitilie huyu, mwanangu. Nitilie sasa hivi."

Kufuli alianza kupinga, Nakshi akampinga Kufuli, Nyongeza akawacheka wote wawili, na huku akicheka akavuta kompyuta ya Shangazi ili aipachike ile sauti. Kisanduku kikatokea katikati ya skrini kikiwa na maandishi madogo na kitufe kikubwa cha Kubali. Kidole cha Nyongeza kilikuwa kimeshafika.

"Toa mkono," Shangazi alisema. "Hapo pameandikwa nini?"

"Hamna kitu, Shangazi. Ni maneno tu. Kila mtu anabonyeza Kubali."

Alaa! Mtu unaweza kumwambia mama huyo kwamba nyumba inaungua, akakuuliza upande gani. Lakini kumwambia "ni maneno tu"! Yeye husoma kopo la dawa mpaka jina la aliyelichapa. Husoma karatasi ya sabuni. Kufuli na Nakshi walitazama sakafu, maana walijua kinachokuja.

"Maneno tu," Shangazi alirudia polepole. "Maneno tu ndiyo yaliyokuvisha. Maneno tu ndiyo yaliyokulipia shule. Soma. Kwa sauti. Na alama zake."

Nyongeza akasoma kama alivyofundishwa. "Herufi kubwa, Programu hii itaweza kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti unayofungua, koma, na kuyapeleka maandishi kwenye mitambo yetu ili yageuzwe sauti, nukta."

"Rudia hapo. Kuyapeleka wapi?"

"Huko kwao. Sauti haiko humu ndani, Shangazi. Maandishi yanakwenda, yanasomwa, sauti ndiyo inarudi. Haraka sana, huwezi kujua."

"Kwa hiyo nikiusoma mtihani, mtihani unatoka nyumbani kwangu."

"Kidogo tu."

"Mtihani hautoki kidogo, mwanangu. Ukitoka umetoka."

"Pengine ni maneno ya kujihami," Nakshi alisema, maana roho ilimuuma kuiona ile furaha ya Shangazi inazimika. "Pengine hawafanyi hivyo kweli."

"Basi tupime," Mama Nukta alisema.

Alinyanyuka akaenda dirishani, kilipokuwa kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kumetameta. Akamwambia Nyongeza aiwashe Sauti ya Asali kwenye kompyuta yake. Yule mwanamke akaanza tena, laini vile vile: mvua zinatarajiwa kunyesha katika... Shangazi akachomoa waya. Vitaa vikafa. Mwanamke akasoma maneno mawili mengine, akakatika kauli kama mtu aliyezibwa mdomo. Wakangoja. Paka peke yake ndiye aliyeendelea kutembea chini ya skrini.

"Haya," Shangazi alisema. "Bawabu naye ana sauti, au kununa tu?"

Kufuli aliona haya kidogo. "Anayo, Shangazi, ya ndani kwa ndani. Ila sikutaka kukuonyesha, si nzuri." Akarudisha waya, akafungua ukurasa ule ule kwenye Bawabu, akabonyeza. Masikini! Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyeziba pua, anayesoma huku akipanda ngazi. Nakshi alicheka mpaka akajishika mbavu. Shangazi hakucheka. Akachomoa waya kwa mara ya pili, akakunja mikono akasikiliza.

Yule bwana wa pua hakujali. Mvua aliimaliza, upepo akaumaliza, akasoma joto la kesho, akafika mpaka jina la aliyeandika habari, akatulia.

"Sauti mbaya," Mama Nukta alisema, "lakini haitoki nje ya nyumba. Ndiye mume anayefaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu wala hakutaka kujitembeza. Tunakwenda na Bawabu, nukta."

Vijiko vingekuwepo, vingenyamaza.

Sasa usidhani mambo yaliishia hapo. Watoto walipoondoka, Mama Nukta alijaribu kufanya kazi na Bawabu peke yake, na roho ikamwanguka. Herufi za kijivu kwenye kijivu zilimtoroka. Yule bwana wa pua alipita kwenye koma na nukta kama gari lisilo na breki. Sentensi ikagonga sentensi, swali likaingia kwenye jibu, na hakujua wapi pana alama na wapi hapana. Alizima mashine akaitazama ikiwa nyeusi. Kwa mara ya kwanza alilifikiria lile bango bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Nakshi ndiye aliyerudi kwanza, Jumapili, amebeba vipande vya vitambaa vya kumbi. "Shangazi, nisamehe," alisema. "Nilikupambia kwa macho yangu. Leo niambie ya kwako yanataka nini." Akawa anaweka kitambaa juu ya kitambaa, manjano juu ya nyeusi, nyeupe juu ya buluu, na Shangazi anasema hapana, hapana, hapo hapo! Manjano juu ya nyeusi. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya Bawabu akayafanya yale yale: ukurasa mweusi, herufi za manjano nene zenye ukubwa wa vidole gumba, nafasi pana katikati ya mistari, na mstari unaosomwa unawaka, mingine imefifia. Hapakuwa na waridi hata moja. Mama Nukta alisoma mstari mzima kwa macho yake mwenyewe, bila lenzi, akamshika binti yule uso kwa mikono miwili.

"Huu ndio urembo," alisema. "Ule mwingine ulikuwa mapambo."

Nyongeza yeye alipotea. Hakupiga simu, hakuja kula, na Nyongeza asipokuja kula ujue kuna msiba. Siku ya Jumatano akatokea, macho mekundu, na kitu kimoja kidogo alichokiandika mwenyewe usiku na mchana. Kilikuwa programu ya kupachika, mistari michache tu. Kazi yake moja: kila penye alama au herufi kubwa, kimwambie yule bwana wa pua aitamke. Kwenye kisanduku cha ruhusa aliandika kwa herufi kubwa kwamba kinafanya kazi kwenye tovuti ya baraza peke yake na hakipeleki kitu popote. Kufuli alikaa nacho alasiri nzima akikichambua mstari kwa mstari akitafuta kosa, na alipokosa alionekana kama aliyeibiwa. Akakifungulia mlango wa Bawabu.

Wakafungua ukurasa wa mazoezi wa tovuti ya baraza. Bwana wa pua akavuta pumzi yake ya ngazi, akaanza: "Herufi kubwa, Taja sehemu tatu za ua, koma..."

Mama Nukta alijiziba mdomo. Machozi yakamtoka, na safari hii hakwenda kujifungia popote. Alichukua simu akampigia Bwana Koma, akaisogeza karibu na kompyuta bila hata salamu. Upande wa pili yule mzee alisikiliza, akakohoa.

"Huyo anasoma vibaya," Bwana Koma alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Lakini haruki kitu. Mchukue."

Ijumaa ikafika. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya chini, aliyekataa chai, akakataa soda, akakataa hata kiti. Wasomaji wengine, vijana wawili wa kike waliofundishwa kazi na Mama Nukta, walikaguliwa wakapita vizuri, nao wakabaki kumwombea mama yao kimoyomoyo. Meneja alisimama mlangoni anajifuta shingo. Dirishani, upande wa pili, mafundi wa mitambo walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba kioo kile kinahitaji kufutwa, wote kwa pamoja.

Mkaguzi alifungua kompyuta ya Mama Nukta, akatazama ukurasa mweusi. "Programu ya kupachika ni moja tu?"

"Moja. Kwenye tovuti yenu inasema, nje ya hapo ni bubu."

"Na sauti inatoka wapi?"

"Humo humo. Chomoa waya usikie."

Mkaguzi aliwasha sauti kwenye ukurasa wa mazoezi, akachomoa. Bwana wa pua akaendelea na safari yake. Mkaguzi aliinua unyusi mmoja, jambo ambalo kwake pengine lilikuwa ni vigelegele, akarudisha waya, akaufungua mtihani wa majaribio. Ndani yake baraza lilikuwa limetega makosa kwa makusudi, na msomaji alitakiwa kuyatoa yote.

Mama Nukta alivaa hedifoni. Akafumba macho. Watu walimwona kama amelala, ila kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na kila mara kikishuka, macho yanafunguka, mstari wa manjano unawaka, alama nyekundu inakaa mahali pake. Alikuwa hivyo hivyo zamani, Bwana Koma akisoma na yeye akishika kalamu. Fundi mitambo alisema baadaye kwamba aliona kana kwamba mzee yule kaketi kwenye kiti cha pili. Mara moja tu alisimama, akairudisha sauti nyuma sana, kurasa kadhaa, akasikiliza, akatabasamu peke yake.

"Nimemaliza," alisema, akavua hedifoni.

Mkaguzi alilinganisha kimya kimya. Meneja akajifuta shingo tena.

"Yote yapo," Mkaguzi alisema. "Lakini umeongeza moja. Hili hatukulitega sisi."

"Najua hamkulitega. Mmelikalia." Mama Nukta aligeuza skrini. "Huku mwanzoni mnamuuliza mtoto ni sehemu gani ya mmea inayotengeneza chakula. Huku mwishoni swali lenu linaanza hivi: Majani ya mmea, ambayo ndiyo hutengeneza chakula chake, hupotezaje maji? Mtoto mjanja akifika huku anarudi kule, anachukua maksi yake bure, tena anawashukuru."

Mkaguzi alisoma kule. Akasoma huku. Akarudi kule. "Hili tumelipitia watu wengi," alisema.

"Mlilipitia kwa macho. Jicho linatazama herufi, mwanangu. Sikio linafuata habari."

Basi yule mwanamke mfupi akacheka! Alicheka kicheko kikubwa kisicholingana na kimo chake, akavuta kile kiti alichokikataa, akaketi. "Meneja," alisema, "mama huyu anaendelea. Na mpangilio wa kompyuta yake, kama ataniruhusu, nitauomba. Nina wasomaji wengine ambao macho yao yanaanza kuchoka na wanaogopa kusema."

"Nitakuruhusu," Mama Nukta alisema, "ila ujue una wenyewe." Akanyoosha kidole dirishani. Huko, katikati ya mafundi, walikuwa wamejipenyeza Kufuli, Nakshi na Nyongeza, pua zimebanwa kwenye kioo. Nyongeza alikuwa analia waziwazi kama mtoto aliyenyimwa kuongezwa.

Nakwambia siku ile kiwanda kilitetemeka! Mafundi waligonga spana kwenye vyuma, akina mama wa kufunga vitabu wakapiga vigelegele mpaka vumbi la karatasi likapaa, na Kufuli, yule asiyecheka, alionekana akicheza bila muziki katikati ya mitambo. Mama Nukta aliwaacha washangilie mpaka watosheke. Kisha akainua mkono.

"Meneja. Niletee bango langu."

"Mama, lile halina haja tena, tutali..."

"Ni langu. Lilete."

Likaletwa. Fundi mitambo akashika upande mmoja, Meneja upande mwingine, wakalikunjua ukutani. Herufi zake zilikuwa na urefu wa mkono mzima, na Mama Nukta akaona kwamba hili hahitaji mashine kulisoma. Akasimama mbele yake, akalisoma kwa sauti, kikazi, bila kuruka kitu.

"Mama Nukta, koma, kazi umeimaliza, koma, pumzika kwa amani, alama ya mshangao."

Mtu mmoja huko nyuma alisema "Uwi!" akajiziba mdomo.

"Pumzika kwa amani," Mama Nukta alirudia. "Mimi? Nani alisoma prufu ya bango hili?"

Meneja alimtazama fundi. Fundi alimtazama Meneja. Mwishowe fundi ndiye aliyejikaza. "Mama, halikusomwa na mtu. Humu ndani hakitoki kitu bila wewe kukisoma. Sasa hili tungekuleteaje?"

Alianza kucheka Mkaguzi, wakafuata wengine, na Mama Nukta mwenyewe akacheka mpaka akamwegemea Nakshi. Yaani siku moja tu walijaribu kufanya kazi bila yeye, na siku hiyo hiyo wakamzika! Meneja alitamani sakafu ipasuke aingie.

"Nipeni wino mwekundu," Mama Nukta alisema, akijifuta machozi. "Na brashi."

Akayakata yale maneno ya mwisho kwa mstari mmoja mnene. Akarudi kwenye "umeimaliza", akaifuta mwanzo wake, akaandika juu yake, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa ili kila mtu asome: MAMA NUKTA, KAZI HUJAIMALIZA.

"Chapeni upya, mlitundike juu ya meza yangu," alisema. "Na prufu yake mniletee."

Akaichovya tena brashi, akaweka nukta kubwa kama sahani, na hapo hakuna aliyeongeza neno.